Star Trek: The Next Generation: wingi wa sehemu ndio ulioiponza?

Ukimshauri mtu aanze kutazama Star Trek: The Next Generation, huna budi kumwonya: avumilie msimu wa kwanza. Tamthilia hii ya Marekani, inayosimulia safari za chombo cha anga za mbali, ilirushwa kuanzia 1987 hadi 1994, misimu saba, na ndani yake mna sehemu za kurudiwa mara kumi na nyingine ambazo hata shabiki wa damu huziruka. Wengi hulaumu wingi. Wanasema hakuna jopo linaloweza kuandika sehemu 26 kwa mwaka bila kulipua kazi, na dawa ni misimu mifupi ya sehemu nane au kumi, kama ilivyo sasa.

Hoja hiyo ina uzito. Kazi ya namna hii haisimami: sehemu moja inapigwa picha huku nyingine ikihaririwa na ya tatu ikiwa bado inaandikwa. Skripti moja ikikwama, zote zinaumia. Mgomo wa waandishi wa 1988 ulipokula takriban miezi mitano, msimu wa pili ulipungua hadi sehemu 22, na ukafunguliwa na "The Child", skripti iliyofukuliwa kutoka mradi wa miaka ya 1970 ambao haukuwahi kufika hewani.

Lakini msimu wa tatu nao ulikuwa na sehemu 26, na hapo ndipo tamthilia ilipopaa. Kilichobadilika ni jopo la waandishi. Msimu wa kwanza waandishi waliingia na kutoka, huku Gene Roddenberry, mwasisi wake, akishikilia kwamba wahusika wakuu wasigombane, kwa kuwa binadamu wa karne ya 24 wameshavuka hayo. Mwandishi aliyenyimwa ugomvi hubaki kuleta matatizo ya kutoka nje: ugonjwa, kiumbe cha ajabu, mtambo ulioharibika. Michael Piller alipokabidhiwa jopo mwaka 1989 alitaka kila hadithi iwe na mwenyewe, mhusika mmoja inayemgusa. Akafungua mlango pia kwa skripti za watu wasiojulikana, na Ronald D. Moore akapitia humo na "The Bonding".

Ushahidi mzuri zaidi ni sehemu mbili zilizotengenezwa kwa kubana matumizi. "Shades of Gray" ilifunga msimu wa pili fedha zikiwa zimekwisha, ikapigwa picha kwa siku tatu tu: Riker, msaidizi wa nahodha, amelala mgonjwa, daktari anazichochea kumbukumbu zake, nasi tunarudishiwa vipande vya sehemu zilizopita. Aibu tupu. "The Drumhead" ya 1991 ilizaliwa na uhaba uleule, ila safari hii waandishi walitunga kesi ndani ya seti zilizokuwepo tayari. Admirali Satie anasaka wasaliti, na kijana mmoja anaandamwa kwa sababu alificha kwamba babu yake alikuwa Romulan, jamii iliyo hasimu. Mwishoni Picard, nahodha wa chombo, anamsomea Satie maneno ya marehemu baba wa Satie mwenyewe. Satie anapandwa na hasira, sauti inapaa, na admirali mwenzake aliyekuja kusikiliza anainuka na kutoka bila kusema neno. Hakuna mlipuko wala chombo kipya angani, na bado mtazamaji anabanwa pumzi.

Misimu mirefu pia iliruhusu kubahatisha. "The Measure of a Man", kesi ya kuamua kama Data, roboti mwenye umbo la binadamu, ni mali au ni nafsi huru, iliandikwa na Melinda Snodgrass, aliyewahi kuwa mwanasheria, na imo kwenye msimu uleule dhaifu wa pili. "The Inner Light" ya 1992, iliyoshinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, inasimama peke yake. Msimu wa sehemu nane unaofuata kisa kimoja ungeipa nafasi wapi?

Msimu wa saba ulichosha kwa sababu nyingine. Nguvu ziligawanywa: tamthilia dada ya Deep Space Nine ilikuwa hewani tangu Januari 1993, nyingine, Voyager, ikiandaliwa, na filamu ya Generations, yenye wahusika hawahawa, ikiandikwa. Ndipo wakaibuka ndugu wa wahusika wasiowahi kuonekana: mama wa Data, mama wa Geordi, kaka aliyelelewa pamoja na Worf. Hata hivyo ulifungwa na "All Good Things...", ambayo Moore na Brannon Braga waliiandika haraka huku wakihangaika na filamu hiyohiyo. Filamu ilipewa muda mrefu zaidi na fedha nyingi zaidi, nayo haikuifikia.