Mkulima ana stakabadhi, mbanguaji ana nini?

Kila msimu wa korosho ukikaribia, viongozi wanaopita Mtwara na Lindi husema tunasafirisha ajira zetu pamoja na magunia. Nakubaliana nao. Sehemu kubwa ya korosho za kusini hupakiwa zikiwa ghafi na kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani zaidi ya 313,000. Msimu wa 2024/25 tukavuka tani laki tano. Kilo nne hivi za korosho ghafi hutoa kilo moja ya korosho karanga, na kila punje katika kilo hiyo imepita mikononi au machoni mwa mtu aliyeipasua, aliyeimenya ngozi, aliyeipanga daraja. Mikono hiyo ingeweza kuwa ya watu wa Newala, Masasi, Ruangwa na Liwale.

Ninachokikosa katika hotuba hizo ni neno moja juu ya aina ya kazi tunazotaka zibaki. Ubanguaji ni kazi ya zamani huku kwetu. Viwanda vikubwa vilijengwa kusini tangu miaka ya 1970, vingi vikafa, baadhi vikageuzwa maghala, na sasa vinafufuliwa au vinajengwa vipya. Kwa hiyo wapo watu wanaojua kazi hii inavyolipa na inavyouma. Wengi wao ni wanawake.

Mmoja wao ni mama yangu mdogo. Ana mikorosho yake michache, na kwa misimu kadhaa alikuwa pia akibangua katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Nyumbani kwake kuna kopo la maziwa ya unga alimohifadhi karatasi zote za chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho zake: tarehe, kilo, daraja, makato. Nilimuuliza karatasi za kiwandani ziko wapi. Akaniambia hakuna. Kule jina lilikuwa linaitwa, unapokea fedha mkononi, unatia alama ya dole gumba kwenye daftari lao, unakwenda zako. Misimu minne ya kazi, na hana hata kipande cha karatasi cha kuthibitisha kwamba aliwahi kukanyaga pale.

Tofauti hiyo kati ya kopo lililojaa na kopo tupu ndiyo inayonifanya niandike.

Mtu wa kusini haelezwi kangomba ni nini, lakini kwa msomaji wa mbali: ni yule anayefika kijijini kabla ya mavuno, wakati ghala limekauka, akakupa fedha kidogo au unga, nawe ukamlipa korosho msimu ukifika, kwa bakuli lake na kwa bei yake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hupeleka korosho ghalani kupitia chama chake, hupewa karatasi ya kilo zake, kisha mzigo huuzwa mnadani, ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, shabaha yake kubwa ilikuwa kumtoa mkulima kwenye bakuli hilo. Mfumo una lawama zake, na nyingi ni za haki: makato mengi, malipo kuchelewa, na mwaka 2018 minada ilipokwama Serikali ikanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba, na wakulima wengi wakasubiri fedha zao kwa miezi. Hata hivyo kipimo kilihama kutoka bakuli kwenda mizani, mizani ikasomwa mbele ya mwenye mali, na bei ikatajwa hadharani mnadani. Mkulima akipunjwa leo, ana karatasi ya kuanzia ugomvi.

Mbanguaji bado yuko kwenye bakuli.

Tuingie kiwandani. Korosho hupikwa kwa mvuke ili ganda lilegee, hupasuliwa kwa mashine ya mkono na mguu au kwa mtambo, hukaushwa, humenywa ngozi, kisha hupangwa madaraja. Ganda lina mafuta yanayobabua. Asiye na glavu hujipaka mafuta ya kupikia au majivu, na bado vidole hutoka malengelenge kisha hubadilika rangi. Malipo kwa kawaida ni ya kilo, na kilo ya nzima hulipwa vizuri kuliko ya vipande, kwa sababu sokoni nako nzima nyeupe ndiyo yenye bei. Hilo linaeleweka. Ila punje kuvunjika hakutokani na mkono wa mbanguaji peke yake. Mvuke ukizidi au ukipungua, punje huvunjika. Kisu kikiwa butu, huvunjika. Korosho zikiwa ndogo au zilianikwa vibaya shambani, huvunjika. Mvuke ni wa mwenye kiwanda, kisu ni chake, ununuzi ni wake, lakini hasara hukatwa kwenye kilo za mama aliyekaa kwenye kigoda. Mama mdogo alilalamikia jambo jingine tena: kazi yao ilipimwa baada ya korosho kukaushwa, uzito ukishapungua, chumba kingine, wao hawaoni mizani.

Sasa upande wa pili, nao nautaja kwa uzito kwa sababu nimewahi kukaa na mwenye kiwanda kidogo hapa Mtwara akanifungulia hesabu zake. Msimu wa ununuzi ni wa miezi michache tangu Oktoba. Akitaka kazi ya mwaka mzima lazima anunue mzigo wa mwaka mzima katika miezi hiyo, kwa mkopo, akishindana mnadani na wanunuzi wanaosafirisha ghafi. Oktoba 2024 minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa mkulima ilikuwa sherehe, kwa mwenye kiwanda kidogo ilikuwa kilio. Riba inaendelea kutembea hata mashine ikisimama. Mvua zikianza, nusu ya wafanyakazi wanakwenda kupanda mahindi, na hawezi kuwalaumu. Angewalipa mshahara wa mwezi, aliniambia, angefunga kabla ya Pasaka.

Alisema pia jambo ambalo watetezi wa wafanyakazi huliruka, na mama mdogo amelithibitisha: wanawake wengi wanaipenda kilo. Unawapeleka watoto shule ndipo unakuja. Kuna msiba, hukuja, hakuna wa kukuandikia barua. Mkono mwepesi unalipwa kuliko mkono mzito. Ukiwaambia mnaifuta kilo mnaleta saa ya kuingia na saa ya kutoka, wapo watakaoona mmewapokonya kitu.

Hofu ya viwanda kufungwa nayo si ya kutungwa. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilishurutishwa na Benki ya Dunia mwaka 1995 kushusha ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje. Viwanda vilipoteza mali ghafi, na ndani ya miaka michache maelfu ya wafanyakazi wakawa hawana kazi. Kule Kerala, India, hali ilikuwa nyingine: wabanguaji, wengi wao wanawake vilevile, walikuwa na vyama vya kuwasemea na mfuko wao wa ustawi. Kima cha chini kilipopandishwa mwaka 2015, viwanda vingi binafsi vilifungwa, wamiliki wakisema hawawezi kushindana na mitambo ya Vietnam wala na mishahara ya chini ya Tamil Nadu. Mtu anaweza kusema wenye viwanda walitia chumvi, na huenda kuna ukweli, lakini mwanamke wa Kollam, huko huko Kerala, aliyekuta geti limefungwa hakufaidika na mabishano hayo.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka kiwanda cha korosho kiendeshwe kama ofisi ya halmashauri. Kilo ibaki. Ninachokataa ni kilo isiyo na karatasi na isiyo na kima cha kuikinga.

Sheria tunazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Tena inasema wazi kwamba mfanyakazi wa msimu ana haki ya likizo yenye malipo, jambo ambalo sijakutana na mbanguaji hata mmoja anayelijua. Marekebisho ya mwaka 2025 yamefungua mlango wa mikataba ya muda maalum kwa kazi za msimu, mlango ambao zamani ulikuwa wa wataalamu na mameneja tu. Kuna tundu moja, nalo kwetu ni kubwa: ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Sheria inajumlisha miezi ya mikataba yote kwa mwajiri yuleyule, lakini kiwanda kinachobangua miezi mitano kikapumzika kinaweza kukaa na mtu asiye na karatasi miaka kumi, na kila mwaka akamwita mgeni.

Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na amri iliyofuata, ya Januari 2026, imeongeza viwango. Hata tukishika ile ya zamani, ukigawa kwa siku 26 unapata shilingi 5,770 hivi kwa siku. Pendekezo langu ni kwamba kima hicho kihesabiwe kwa saa alizokaa mtu kazini. Kilo zake zikizidi, achukue cha kilo. Zikipungua kwa sababu mzigo ni mbovu au mvuke umeharibika, alipwe kima. Mwenye kiwanda atasema watu watakuja kukaa tu. Lakini kila siku ana daftari la kilo za kila mmoja, na asiyejituma ataonekana wiki ya kwanza. Atakachopoteza ni uwezo wa kumwachia mama wa kigodani hasara ya boila yake.

Na fedha zitoke wapi? Ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa ni asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kipi ni kikubwa. Wenye viwanda vya ndani wamekuwa wakiomba nafuu ya kupata mali ghafi, mikopo na umeme, na mimi naona wapewe kutoka kwenye ushuru huo. Ila nafuu hiyo iende kwa kiwanda chenye mizani inayosomeka na pande zote mbili, karatasi ya kilo kila siku, glavu, na makato ya NSSF yanayoonekana kwenye karatasi hiyo. Atakayeshindwa hayo anunue mnadani kama wengine. Maafisa kazi ni wachache kwa mikoa mipana kama hii na hawawezi kusimama kila geti. Mwenye karatasi mkononi anaweza kwenda mwenyewe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akasikilizwa.

Pa kuanzia napaona. Vyama vikuu vya ushirika kama TANECU vimeingia kwenye ubanguaji kwa viwanda vyao wenyewe, na Maranje, mkoani Mtwara, pametengwa eneo la viwanda vya korosho. Viwanda vya ushirika ni mali ya wakulima walewale wanaobangua, au ya mama zao. Chama kinachomwandikia mama mdogo stakabadhi ya kilo alizovuna kina mizani tayari, kina vitabu vya risiti, kina karani anayejua kuandika daraja na tarehe. Mkutano mkuu ujao, kabla ya mnada wa Oktoba, mwanachama yeyote anaweza kunyoosha mkono akauliza karani huyo anapangiwa lini zamu ya kiwandani.