Picha Iliyomuumbua Kaka

Mavuno ya bustani hupigwa picha asubuhi, kati ya saa moja na nusu na saa tatu. Hapa Bahati, Nakuru, ikweta iko karibu, jua hupanda wima kama mtu anayewahi matatu, na ikifika saa nne kila kabeji ina upande unaong'aa na upande mweusi tii. Ndiyo maana Jumamosi moja ya Oktoba nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ghala la kaka kabla watu hawajanywa chai.

Malenge nyuma, na vikonyo vyake. Lenge lililong'olewa kikonyo huoza upesi zaidi, na pichani huonekana limechinjwa. Viazi mbele, vimepanguswa udongo kwa kitambaa kikavu. Haviwi vya kuoshwa: kiazi kilicholowa hupendeza kwenye picha na kuoza kwenye gunia. Karoti ziliachwa na majani yake, na hizo hupangwa mwisho kwa sababu majani hunyauka upesi. Kando nikaweka kikombe cha bati, mtazamaji aelewe ukubwa wa lenge.

Upande wa ghala ulikuwa na giza. Dawa yake ni shuka jeupe: mtu analishika kuelekea jua, mwanga unarudi kwenye kivuli. Binti ya kaka alilishika vizuri mno. Mwanga ukaingia hadi ndani ya ghala.

Nikafuta lenzi kwa pamba, nikasogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa vidole (kwenye simu nyingi kuvuta kwa vidole kunaikata tu picha), nikagusa kioo palipo lenge kubwa ili simu ishike hapo.

WhatsApp hubana picha ili zisile bando. Kwa hiyo niliituma kwenye grupu ya ukoo kama faili, nayo ikifika hivyo haipungui kitu; ukiivuta, unaona kila kilichokuwa kwenye simu yangu.

Kumbe usiku uliotangulia kaka alikuwa amemtumia shangazi ujumbe wa sauti, mrefu, wa huzuni: viwavi jeshi wamemaliza mahindi, hana hata debe, kwa mchango wa mahari ya binamu yetu asamehewe.

Pongezi zikamiminika. Kisha shangazi, huko Kakamega, akavaa miwani.

"Mwanangu, nyuma ya lile lenge kubwa naona magunia. Nimehesabu kumi na moja. Hayo ni ya viwavi?"

Kaka akaandika kwamba ni matupu.

"Gunia tupu halisimami. Na la tatu limefumuka mdomo."

Kweli lilikuwa limefumuka, na mahindi yalionekana punje kwa punje. Nami, bila habari ya lolote, nikaongezea kwamba yamekauka barabara: nilitia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, nikatikisa, na chumvi haikuganda kwenye chupa. Ikiganda, mahindi bado yana maji, yatavunda ghalani. Shangazi akaweka alama ya dole gumba.

Kaka alitoka nyumbani na mswaki mdomoni, povu hadi kidevuni.

"Futa! Futa kwa wote!"

Nikafuta. Lakini faili aliyoihifadhi mtu kwenye simu yake huifikii, na ya shangazi ilikuwa tayari kwenye stetasi yake, magunia yamezungushiwa duara jekundu. Binti ya kaka, shuka bado mkononi, akauliza kama tupige nyingine kabla jua halijawa kali.

Saa sita mweka hazina wa kamati ya mahari akaniandikia: "Asante kwa picha safi. Tafadhali tuma nyingine, mlango wa ghala ukiwa wazi zaidi. Tunataka kuona kilicho nyuma ya gunia la kumi na moja."