Klauni Kavaa Shuka la Shangazi

Sinema ya uani haina siri, ni vipimo tu. Projekta ya uwiano wa 1.5, yaani umbali wake ukigawanywa kwa upana wa picha, hukaa mita 3 kutoka kwenye shuka ukitaka picha ya upana wa mita 2. Hilo tulipima. Shuka lenyewe tulilibana juu kwenye kamba ya kuanikia nguo. Chini linataka uzito, la sivyo upepo kidogo tu na sura za watu zinavimba. Jamaa aliyetumwa matofali alirudi na bisi.

Filamu ilikuwa It ya mwaka 2017, aliyoiongoza Andy Muschietti kutokana na riwaya ya Stephen King. Watoto wa jirani tukawafukuza mapema, maana hiyo si ya kulalia. Humo mna watoto saba wa mji wa Derry, Maine, likizo ya kiangazi ya 1989, na kila mmoja anatokewa na hofu yake. Eddie, mwoga wa maradhi, anakimbizwa na mkoma. Bafu la Beverly linatapakaa damu, baba yake anaingia na haoni kitu. Wenzake ndio wanaoiona, na ndio wanaomsaidia kuisugua. Mimi naona utamu wa filamu uko hapo kwenye kusugua, kuliko hata kwa Pennywise, klauni anayewawinda.

Sasa kuna kile kipande cha gereji. Wanatazama ramani ya mji kwa slaidi, mara mashine inajiendesha yenyewe. Inakuja picha ya familia, upepo unapeperusha nywele za mama, chini yake ni Pennywise! Mwanga, giza, mwanga, kisha anachomoza kutoka kwenye picha, jitu zima.

Na shuka letu likavimba. Mkono ukatokeza juu, ukashika kibanio.

Kumbe Shangazi kapitia nyuma, anaanua shuka lake kabla halijaingia umande. Likamwangukia kichwani, akaja mbele anapapasa, na meno ya klauni yamemkaa sawasawa tumboni. Mmoja wetu alikumbuka kwamba kule gerejini kilichowaokoa ni mlango kufunguliwa. Akalikimbilia geti, akalifungua, akapita. Wote wakamfuata, soda ya machungwa ikabaki inatiririka kwenye shuka.

"Nyie, kwani mnakimbia nini?" Shangazi akauliza. Hakuona kitu.

Akaniwekea beseni na sabuni ya mche. Nikawapigia wenzangu mmoja mmoja waje tusugue. Namba zote hazipatikani.