Koki ya Jumatatu asubuhi

Jumatatu moja, katika shule ya msingi huko Temeke, nilimwona mtoto wa darasa la pili akikinga viganja kwenye koki ya shaba kabla kengele ya mstarini haijalia. Maji aliyokunywa yalikuwa yamelala ndani ya koki ile tangu Ijumaa. Kama koki ina madini ya risasi, ambayo huingia zaidi kwenye maji yaliyolala, basi yeye ndiye aliyekunywa risasi nyingi kuliko wote waliokuja nyuma yake.

Tukizungumzia usalama wa maji Dar es Salaam, mawazo hukimbilia Mto Ruvu na mitambo ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Lakini risasi mara nyingi haitoki huko. Huingia mwishoni kabisa, kwenye mabomba ya zamani, kwenye maungio yaliyolehemiwa kwa risasi, na kwenye koki za shaba, ambayo huchanganywa risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi. Kwa hiyo maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa safi na bado yakamfikia mtoto yakiwa na sumu. Swali ni hili: je, maji ya koki za shule yapimwe risasi sasa, au hilo lisubiri?

Wanaosema upimaji usubiri wana hoja nzito. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka katika jiji hili hili kikasambaa nchini. Kijidudu huua kwa siku chache, risasi haiui hivyo. Mwalimu mkuu anayeendesha shule kwa ruzuku ndogo akiambiwa achague kati ya sabuni, klorini na kipimo cha maabara, sitamlaumu akichagua sabuni. Tena shule nyingi hutegemea simtanki na ndoo kuliko koki za bomba.

Ila kijidudu hujitangaza: mtoto anaharisha, mzazi anamkimbiza zahanati. Risasi inakula ubongo kimya kimya, na mwalimu anaishia kumwita mtoto mzito wa kuelewa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mwili wa mtoto mdogo unaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya wa mtu mzima. Mwenye utapiamlo hufyonza zaidi, na wangapi kati ya watoto wetu hutoka nyumbani bila hata chai? Kuchemsha, kinga aliyotufundisha kila mama, hapa hakusaidii: maji yanapungua, risasi inabaki.

Mimi nasema tupime, lakini tusianze na shule zote. Tuanze na zenye majengo na mabomba ya zamani, na madarasa ya awali. Yachukuliwe maji ya kwanza ya asubuhi, kisha mengine baada ya kuyaacha yatiririke. Ya kwanza yakizidi mikrogramu 10 kwa lita, kikomo cha Shirika hilo, na ya pili yakiwa chini, mshukiwa wa kwanza ni koki au bomba la karibu nayo. Kubadili koki kamati ya shule inaweza.

Ninachokihofia zaidi ni majibu kufungiwa kabatini kwa kuwa hakuna fungu la matengenezo, huku wazazi wakiishi kwa uvumi. Nani atalipia koki mpya iamuliwe kabla chupa ya kwanza ya sampuli haijajazwa. Wakati hilo likisubiriwa, wanafunzi wa zamu wafungue koki mapema, na ndoo za kwanza ziende kudekia madarasa.