Bei ya mbaazi ikipanda, ubadilishe mpango wote wa shamba?

Kila mvua zikikaribia, wakulima wa Babati, Kondoa na Karatu hapa Tanzania wanaulizana swali lile lile, mwaka huu tuweke nini? Na mara nyingi jibu linatoka kwenye bei ya msimu uliopita. Mbaazi zikiuzwa vizuri watu wanaongeza mbaazi, mahindi yakilipa wanarudi kwenye mahindi. Mabwana shamba wao wanasema hapana, fuata mzunguko, nafaka halafu jamii ya kunde kama mbaazi, bei isikuyumbishe. Mimi naona pande zote mbili zina hoja ya kweli, ila kila upande kuna kitu unakiruka.

Nianze na wanaofuata bei, maana wanaitwa wana tamaa na kwa kweli wanaonewa. Miaka ya 2015 na 2016 India ilikuwa imepata ukame, wanunuzi wakamwagika huku kwetu, kilo ya mbaazi ikapita shilingi 2,000, sasa mtu ana ada ya watoto na deni la pembejeo unategemea afanyeje? Akapanua shamba. Halafu Agosti 2017, mavuno ndo yanatoka, serikali ya India ikaweka ukomo wa tani 200,000 tu kwa mbaazi za kutoka nje, bei ikaporomoka hadi chini ya shilingi 500 na wengine wakaziacha shambani kabisa kwa sababu hata gharama ya kuvuna hairudi. Mwaka 2021 India ikafungua tena, 2024 minadani bei ikavuka 2,000, watu wakarudi kwa kasi, 2025 ikashuka.

Shida hapo ni muda kuliko tamaa. Mbaazi za muda mrefu unapanda Desemba au Januari unauza Agosti, Septemba, yaani miezi minane au tisa katikati, na bei uliyoipandia ilikuwa ya mavuno mengine kabisa.

Bwana shamba naye ana hoja nzito. Mbaazi zinarudisha naitrojeni, majani yanapukutika yanarutubisha, mizizi inapasua ardhi iliyoshindiliwa na trekta. Ukirudia mahindi juu ya mahindi kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kinajazana, wadudu wanapata makazi, na mbolea lazima uongeze. Wote tunakumbuka 2022, mfuko wa urea wa kilo 50 ulipita 120,000 kabla ya ruzuku kuushusha hadi 70,000, msimu kama ule mwenye shamba lililotoka kwenye kunde ana nafuu kubwa. Na mahindi yenyewe siyo kwamba bei yake imetulia, 2017 serikali yetu ilizuia kuyauza nje, Machi 2021 Kenya ikayazuia kwa hoja ya sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka, kisha ndani ya siku chache ikaruhusu kwa masharti.

Lakini mzunguko unaohubiriwa kwenye semina unamfaa mwenye shamba lake. Aliyekodi eka tatu kwa msimu mmoja na mwakani hajui kama atapewa tena, kwa nini atumie hela yake kutengeneza udongo atakaolima mwingine? Huyo atafuata bei tu na mimi simlaumu. Hapa panatakiwa mikataba ya kukodi ya misimu miwili au mitatu, iandikwe mbele ya serikali ya kijiji, bila hiyo semina hazitabadilisha kitu.

Kwa hiyo msimamo wangu, mpangilio wa nafaka kufuatiwa na kunde ubaki, bei iamue ukubwa wa eneo na aina ya kunde. Wengi Babati wanachanganya mahindi na mbaazi shamba moja, mahindi yanatoka mbaazi zinabaki, hapo bei ikiyumba unapunguza mistari tu hujavunja kitu. Na kama unataka kucheza na bei, chezea zao la muda mfupi. Choroko inakomaa kwa miezi miwili na kidogo, dengu kwenye udongo mweusi unapanda mvua zikiisha, mahindi umeshayaona yamekaaje na bei za minada umeshaanza kuzisikia, taarifa unayoamulia ni mpya kuliko ya mtu aliyepanda mbaazi Desemba.

Minada ya stakabadhi ghalani, yaani unaweka mazao ghalani unapewa risiti kisha yanauzwa kwa mnada, imesaidia bei kuonekana wazi, hilo naliunga mkono, japo anayehitaji hela leo bado atamuuzia dalali maana malipo ya ghalani yanaweza kuchelewa.

Kuna kingine naona hakisemwi kabisa kwenye mikutano ya kijiji. Ile ruhusa ya India ya kuingiza mbaazi bila ushuru imekuwa ikiongezwa kwa vipindi, ikafika Machi 2025, ikasogezwa tena hadi Machi 2026. Machi ni mbaazi zetu zikiwa bado shambani. Bwana shamba anapokuja kufundisha nafasi kati ya mstari na mstari, naomba aitaje na tarehe ruhusa hiyo inapoishia, kabla watu hawajanunua mbegu.