Oili Chafu Nayo Inataka Cheti

Haya, na oili chafu nayo, ile iliyokwisha tumika kwenye injini, imepata utukufu. Kitu kilichokuwa kinapakwa boriti zisiliwe na mchwa, leo ukiliweka pipa lake mbele ya gereji Mwanakwerekwe, hapa Unguja, unaulizwa karatasi. Ni taka hatari, bwana. Sawa. Umeme tumeuzoea, maji ya kungojewa usiku wa manane tumeyazoea, na hili tutalizoea. Mtuambie tu tuipeleke wapi.

Hebu mtume fundi akaulize ofisini. Ataingia kofia imenyooka, salamu kamili.

"Mzee, nna pipa la oili. Yuko mtu wa tanuri la chokaa anaitaka, achomee."

"Taka au mafuta?"

"Oili chafu, mzee."

"Sikukuuliza usafi wake. Kama taka, anayebeba awe na kibali cha kubeba taka, na anayechoma awe na kibali cha kuchoma taka. Kama mafuta, dirisha lile."

Dirisha lile: "Dizeli, petroli au ya taa?"

"Oili ya injini, ishatumika."

"Aa, hiyo taka. Rudi kule."

Kule mwenyewe hayupo. Ameenda kuswali, na kutoka msikitini kapitia urojo. Fundi akae kwenye benchi na pipa liko gereji halina kifuniko, masika yanalimiminikia. Urojo ukimalizika lile pipa nusu maji!

Aliyeko Wete, Pemba, akiambiwa aivushe Unguja, boti haimpakii.

Na wenye sheria hawasemi uongo, hapo ndipo panapouma. Oili iliyotoka injini ina masizi, vumbi la chuma, na petroli iliyopenya kwenye ringi za pistoni. Kisha mafundi wetu wanajaliza: maji ya rejeta, mafuta ya breki, petroli ya kuoshea vyuma, vyote pipa moja. Petroli inaifanya ishike moto mapema, bana, kile kinywa cha moto cha tanuri, inamripukia mtu usoni. Dawa za kuoshea zenye klorini zikiungua zinatoa asidi, bomba la moshi linaliwa. Maji yanaukohoza moto mpaka uzime. Ukisema basi nimwage, nyuma ya gereji ni jiwe la matumbawe, matundu matupu, na chini yake ndiyo maji ya visima tunayokunywa.

Kuisafisha si uganga. Pipa lenye koki chini, lifunike, liache litulie wiki nzima, fungua koki maji na tope vitoke. Ipashe moto nyuzi 80 mpaka 90. Ukiifikisha 100 na bado ina maji inafura kama maziwa na kumwagikia jiko. Ichuje kwa wavu mwembamba. Kisha tone moja juu ya kikaango cha moto: ikitatarika, maji bado yamo. Ila madini ya risasi na klorini haziondoki kwa chujio, na kikaango hakizioni.

Wazungu wenyewe walishikana mashati kwa swali hili hili, taka au mafuta. Uingereza mitambo ya lami ilikuwa ikichoma oili hizi, mwisho wa 2005 sheria ya kuchoma taka ikawakuta: moshi ukae nyuzi 850 kwa sekunde mbili, na halojeni, yaani klorini na jamaa zake, zikipita asilimia 1, nyuzi 1100. Kesi zikaenda, mpaka 2007 Mahakama ya Rufaa ikakubali kuwa oili iliyosafishwa ikawa mafuta yaweza kuacha kuwa taka kabla haijachomwa. Marekani wana vipimo vya sumu zilizomo: risasi isipite sehemu 100 kwa milioni, aseniki 5, kadimi 2, kromi 10. Ikifaulu vipimo vyao, ni mafuta, kachome.

Sisi tupime na nini? Mizani ya samaki pale soko la Darajani?

Na hayo madumu! Dumu la oili ukilisugua kwa sabuni ya unga na mchanga bado linanuka gereji, na mtu analiuza sokoni la maji. Eti likauke juani tu. Chai ya nyumba nzima ina ladha ya gia, na muuzaji akirudishiwa anauliza kifuniko kiko wapi.