Mpira umeisha, bendi ndiyo kwanza zinaanza

Viwanja nilivyovizoea mimi, filimbi ya mapumziko ni ruhusa ya kwenda chooni na kununua karanga. Kwenye mechi za mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi, za vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi, ukinyanyuka wakati huo umeikosa shughuli yenyewe. Watu wanabaki vitini, wenye haja wanajibana. Wamekuja kuona bendi, na wapo ambao ukiwauliza njiani nani kashinda mpira watakutazama tu.

Mtu wa pwani haelezwi sana jambo hili. Wazee wetu walilichukua neno la Mwingereza wakaliita beni: gwaride, sare, vyeo vya kijeshi na, juu ya yote, mashindano. Marini na Arinoti, vyama vya beni vilivyoshindana, hawakuwa wakijifurahisha tu, walikuwa wakitafutana. Kwa hiyo nikiiona bendi ya chuo cha Southern cha Louisiana na ile ya Jackson State cha Mississippi zinatazamana majukwaani baada ya mechi, hii inapiga, ile inajibu, hakuna inayotaka kuwa ya kwanza kunyamaza, najihisi nipo kwenye ngoma ninayoijua. Mchezo wao una vipindi vinne. Hicho wanakiita kipindi cha tano.

Lakini kinachonivuta zaidi ni Agosti, kabla masomo hayajaanza, wanapofanya mazoezi juani kutwa. Kipimo kilichozoeleka ni hatua nane kwa kila yadi tano, kama sentimita 57 kwa hatua, uwe twiga au mbilikimo. Kwa mtindo wa vyuo hivi goti linapanda mpaka paja lilale sawa na ardhi, huku mdomo haujaachia chombo, na mwingine kavaa susafoni, lile dude linalomzunguka mtu kama chatu. Wengi wao hata hawasomei muziki. Ni wahandisi na wauguzi wa kesho. (Vyuo vingine navyo vina heshima zao. Ohio State bendi inaandika neno “Ohio” uwanjani kwa miguu tangu 1936, na anayekwenda kusimama kuwa nukta ya i ni mpiga susafoni wa mwaka wa nne au wa tano. Mtu anaisubiri nukta miaka yote hiyo!)

Bendi ninayoipenda kuliko zote ni Marching 100 ya Florida A&M, mjini Tallahassee. Aliyeijenga, kuanzia 1946, ni William P. Foster, ambaye alipokuwa akisoma Kansas aliambiwa na mkuu wake kwamba kazi ya kuongoza okestra haipo kwa mtu mweusi. Mwaka 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake, bendi ya Foster ndiyo iliyoiwakilisha Marekani kwenye gwaride la Paris.

Na ni bendi hiyohiyo. Novemba 2011, baada ya mechi mjini Orlando, Robert Champion, mmoja wa viongozi wa gwaride, alipitishwa katikati ya viti vya basi huku wenzake wakimpiga, mila yao ya kumkubali mtu kuwa mwenzao. Alifariki usiku huo. Alikuwa na miaka 26.

Wapo wanaosema mila ni mila, kwamba bila kupitia huko mtu hajawa ndugu. Siwaelewi. Champion alikuwa kiongozi tayari, wale waliompiga walikuwa wakiifuata fimbo yake uwanjani. Alibakiwa na nini cha kuthibitisha? Wengine wanalifananisha na jando, na hapo ndipo hasira inaponipanda. Jandoni kuna kungwi, na kungwi anamjibia mwari kwa wazazi wake. Mle ndani ya basi nani alikuwa kungwi? Undugu wanaoutafuta kwa makofi walikwisha kuupata Agosti, mmoja alipoishiwa pumzi na wa pembeni yake akapunguza hatua ili mstari usivunjike.

Chuo kiliisimamisha bendi, nayo haikurudi mpaka 2013. Msimu mzima wa 2012 mapumziko yalifika Tallahassee, na Marching 100 haikutoka.